Chenso inayozima ikishapata moto: ikague hapohapo kabla haijapoa

Hili tatizo la chenso (msumeno wa injini wa kukatia miti) kuwaka vizuri asubuhi, ikapiga mzigo dakika kumi au ishirini, halafu ikazima yenyewe na kugoma kabisa mpaka ipoe, linawatesa watu wengi sana huku kwetu Dodoma. Kinachoniuma ni kuona mtu leo anatoa hela ya koili (kifaa kinachotoa umeme wa plagi), kesho hela ya kabureta (inayochanganya mafuta na hewa), keshokutwa anaambiwa anunue mashine mpya, wakati ugonjwa wenyewe ulikuwa kitundu cha kupumulia tangi kilichozibwa na vumbi la mbao na oili. Naandika hii kwa ajili ya mwenye mashine, awe anaangusha mikaratusi Hombolo au anapasua magogo Kondoa, aweze kujua tatizo liko wapi kabla hajatoa hata mia mfukoni.

Jambo kubwa kuliko yote ni hili: mashine ikizima ikiwa ya moto, usiende kukaa kivulini kusubiri ipoe. Dakika mbili tatu za mwanzo baada ya kuzima ndio muda pekee ambao ugonjwa unaonekana. Ukiifunga kwenye bodaboda kutoka Bahi mpaka ufike Majengo imeshapoa, fundi anavuta kamba mara mbili inanguruma safi, anakwambia "mbona nzima hii kaka", anakubadilishia plagi unaondoka, kesho porini inazima tena. Na fundi hajakudanganya, ameangalia mashine ambayo saa hiyo haiumwi. Kwa hiyo vipimo vinafanyikia palepale ilipozimia, na wa kuvifanya ni wewe.

Siku ya kazi beba vitu vifuatavyo kwenye mfuko: ile spana ya plagi yenye bisibisi upande wa pili, plagi moja nzima ya akiba, kitambaa kikavu, waya mwembamba mgumu kidogo, na brashi kuukuu ya rangi au mswaki. Basi, huhitaji karakana.

Tahadhari kabla hatujaenda mbali, maana hapa tunashika petroli na chuma cha moto kwa wakati mmoja. Weka mashine chini sehemu iliyo wazi isiyo na majani makavu, funga breki ya cheni, sigara hapana, na ekzosi usiiguse hata kwa bahati mbaya. Kama kuna mtu anachoma mkaa jirani sogea mbali.

Sasa mashine yoyote ya tustroku (inayotumia petroli iliyochanganywa na oili) ili iwake inataka mafuta, karenti ya plagi na kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Ikizima ya moto, kimoja kati ya hivyo kimeondoka, na kazi yako ni kujua kipi, sio kubahatisha.

Anza na mfuniko wa tangi

Mashine imezima, iko chini, imesimama wima. Funika mfuniko wa tangi la petroli kwa kitambaa, geuza uso pembeni, legeza taratibu sana kidogokidogo, usiufungue wote kwa mara moja. Sikiliza. Ukisikia hewa inaingia ndani kwa kuvutwa, ile fyuuu ya kunyonya, halafu ukafunga tena mfuniko, ukavuta kamba na mashine ikawaka hapohapo bila kupoa, mgonjwa umeshampata. Tangi halipumui. Mafuta yanavyotumika lazima hewa iingie kuziba nafasi yake, isipoingia linajengeka ombwe ndani ya tangi, pampu ndogo iliyoko kwenye kabureta inashindwa kuyavuta mafuta, mashine inakufa kwa njaa huku tangi lina petroli nusu. Ukikaa dakika ishirini hewa inapenya yenyewe polepole, mashine inawaka, na wewe unaamini ni kwa sababu imepoa.

Hiki ndicho chanzo ninachokutana nacho kuliko vyote na ndicho rahisi kuliko vyote. Kwenye mashine nyingi kipumulio hakiko kwenye mfuniko, ni kipini kidogo cha plastiki au mpira kimechomekwa juu ya tangi karibu na kabureta, ukitoa kava la juu na kusafisha utakiona, na kwa vumbi letu hili la kiangazi kuanzia Mei mpaka Novemba, likichanganyika na oili linakuwa kama udongo wa kufinyangia. Kichomoe, kioshe kwa petroli safi kidogo, kipulize kwa mdomo kama nje ni kisafi kabisa au kwa pampu ya baiskeli, hewa ipite kuelekea ndani ya tangi. Zingine zina kivalvu kinachoruhusu upande mmoja tu ili petroli isimwagike ukigeuza mashine, kwa hiyo ukipuliza upande wa pili ikagoma usishangae. Ikigoma pande zote nunua kipya, ni kitu cha bei ndogo. Ila usitoboe mfuniko kwa msumari kama ninavyoona watu wanafanya, siku mashine imelala ubavu unakata kisiki petroli inatiririka kwenye ekzosi na hapo utaungua.

Kinyume chake, ukilegeza mfuniko ukasikia presha inatoka nje na mafuta yanatoa povu, funga haraka, sogea, subiri. Hiyo ni petroli imechemka kwa joto la mashine na maana yake ni nyingine kabisa, nitaifikia mbele.

Mfuniko haujasema kitu? Toa plagi

Fanya haraka kabla joto halijapungua, ila tumia kitambaa maana plagi inaunguza. Iangalie ncha yake. Ikiwa kavu kabisa, mafuta hayafiki. Ikiwa imelowa petroli inadondoka, mafuta yanafika tena yamezidi, au yanafika lakini hakuna karenti ya kuyachoma. Na rangi yake ikumbuke: kahawia ya chai ya maziwa ni nzuri, nyeusi yenye masizi na mafuta ni mchanganyiko mzito au oili nyingi, nyeupe kama chokaa ni hatari, mashine inavuta hewa nyingi kuliko mafuta na ukiendelea kuikatia itajamu, yaani pistoni itang'ang'ania ndani ya silinda.

Halafu pima karenti. Chukua ile plagi ya akiba, ichomeke kwenye kofia ya waya, iegemeze chuma chake kwenye mapezi ya silinda (vile vibati vya kupozea), mbali na lile tundu la plagi kwa sababu pale unatoka mvuke wa petroli, na tundu lizibe kwa kitambaa. Hakikisha swichi iko kwenye kuwasha, maana ukisahau hilo utakosa karenti na utailaumu koili bure. Usishike chuma cha plagi kwa mkono. Vuta kamba kwa nguvu, uwe kivulini au ukinge jua kwa mwili uone vizuri. Cheche ya bluu yenye mlio, karenti ipo, achana na umeme rudi kwenye mafuta. Cheche nyekundunyekundu dhaifu au hakuna kabisa, na ulivyopima asubuhi ikiwa baridi ilikuwepo, umeme ndio unaokufa kwa joto.

Hapa sasa ndipo hela za watu zinapoliwa, kwa hiyo nisikilize. Cheche kukosekana haimaanishi moja kwa moja koili. Koili ina waya mwembamba unaokwenda kwenye swichi, kazi yake ni kuua karenti ukitaka kuzima. Huo waya ukichubuka sehemu ukawa unagusa bodi ya mashine kwa mtikisiko, au mpira wake ukalainika kwa joto ukagusa, mashine inazima sawasawa na mtu aliyezima swichi. Chomoa huo waya kwenye koili, pima tena cheche hapohapo ikiwa ya moto. Ikirudi, koili yako ni nzima, tafuta ulipochubuka uzungushie tepu ya umeme au badilisha swichi. Kumbuka tu kwamba waya ukiwa nje swichi haizimi, ukiiwasha hivyo utaizima kwa kuvuta choki (kibati cha kuziba hewa ya kabureta). Angalia pia ile springi ndogo ndani ya kofia ya plagi, ikishika kutu au ikalegea cheche inakuwa ya kubahatisha.

Waya umetoka na bado hakuna cheche, hapo ndio useme koili. Ndani yake kuna nyaya nyembamba kuliko nywele zimefungiwa kwenye plastiki, kukiwa na ufa joto linautanua mguso unakatika, ikipoa unarudi. Ndio maana kuipima kwa mita ikiwa ya baridi hakukusaidii sana, itasoma vizuri tu. Ukinunua mpya, nafasi kati ya koili na sumaku ya flaiwili (gurudumu linalozunguka na injini) iwe kama milimita 0.3, weka kadi ngumu ya biashara katikati, sumaku iivute koili kwenye kadi, kaza skrubu, toa kadi. Sumaku ikiwa na kutu isugue kwa msasa laini kwanza. Usifunge ikigusa na usifunge mbali sana, vyote vinakuletea karenti dhaifu.

Karenti ipo, kipumulio kizuri, lakini plagi kavu

Sasa unafuata njia ya mafuta kuanzia tangini. Kunja waya wako kichwa kiwe ndoano, ingiza tangini uvute mpira wa mafuta utoke na kichujio chake. Kikiwa cheusi kimejaa takataka badilisha, sio cha kuosha. Vuta na huo mpira wenyewe, ukunjekunje uangalie nyufa, kwa sababu mpira wa zamani ukipata joto unalainika, unajibana wenyewe au unavuta hewa kwenye ufa, na hilo halionekani asubuhi.

Nizungumzie na petroli yenyewe. Huku vijijini wengi tunanunua ya chupa kwa wauzaji wa barabarani, imekaa juani haijulikani tangu lini, nyingine imechanganywa na mafuta ya taa. Kwa pikipiki inaweza kwenda, kwa chenso inayozunguka kwa kasi kubwa namna ile hapana. Nunua kituoni, weka kwenye dumu safi, changanya ya kutumia wiki chache tu. Na oili iwe ya tustroku, ile ya 2T, sio oili ya injini ya pikipiki. Soma chupa: kama oili na kitabu cha mashine vinasema 50 kwa 1, ni mililita 20 kwa kila lita ya petroli, yaani mililita 100 kwa dumu la lita tano. Ikiwa 25 kwa 1 ni mililita 40 kwa lita, dumu la lita tano mililita 200. Pima kwa kitu chenye alama, usikadirie kwa kifuniko cha soda. Wanaozidisha oili "kwa usalama" wanajaza masizi kwenye ekzosi na plagi, wanaopunguza wanaua pistoni.

Ukifika kwenye kabureta, ndani kuna diaframu mbili, vipande vyembamba vya mpira, moja ni pampu nyingine inapima mafuta. Zikikakamaa kwa sababu mashine ilikaa na petroli ndani msimu mzima, zinaweza kwenda zikiwa baridi na kushindwa mzigo ukizidi. Ukiibonyeza kwa kidole inalia kama karatasi ya biskuti, imekwisha, ikiwa hai inanepa kimyakimya. Vinauzwa seti nzima ya ripea, chukua namba iliyoandikwa kwenye kabureta usikisie kwa macho. Kuna na kijichujio kidogo cha wavu ndani, kisafishe, na vitundu usichokoe kwa waya, ukivipanua kidogo tu kabureta haitatulia tena.

Inazima kwenye silensa tu (ikinguruma taratibu bila kuvutwa), ukivuta resi inakwenda

Hii tofauti ijue mapema kwa sababu inakuokolea kazi. Kama ikipata moto inakata vizuri lakini ukiachia resi inajifia, mara nyingi ni seting'i. Mashine ya baridi inataka mafuta mengi kidogo, ya moto inataka kidogo, sasa mtu akiirekebisha asubuhi ikiwa baridi ikatulia vizuri, ikishapata moto inakuwa imezidiwa na mafuta, inanguruma kizito, inatoa moshi, inazima. Kabureta inarekebishwa mashine ikiwa ya moto na kichujio cha hewa kikiwa kisafi, hakuna njia nyingine. Na kabla hujagusa skrubu yoyote angalia choki, kile kibati kinaweza kubaki kimefunga nusu hata kama kishikio chake kinaonyesha kiko wazi, mashine hapo inawaka kwa raha ikiwa baridi na kukabwa ikiwa ya moto.

Skrubu ziko tatu kwa kawaida: L ni mafuta ya silensa, H ni mafuta ya resi kubwa, na ya tatu yenye T au LA ni ya kupandisha au kushusha silensa yenyewe. Kama umepotea kabisa na mashine yako haina vizuizi kwenye skrubu, kaza L na H taratibu mpaka ziguse, usizikaze kwa nguvu, kisha fungua kila moja mzunguko mmoja hivi, hapo ni pa kuanzia, kitabu cha mashine yako kikisema tofauti fuata kitabu. Washa, acha ipate moto, geuza L kidogokidogo mpaka itulie na ukivuta resi inaitika bila kusitasita, malizia na T cheni isizunguke kwenye silensa. H waachie wenye kipimo cha mizunguko kama huna uzoefu. Ukiibana sana mashine inapata kasi tamu inayokufurahisha masikio huku pistoni inaungua.

Na hapa kuna jambo la Dodoma ambalo wengi hawalifikirii. Tuko juu, mji uko kama mita 1,100 na ushee kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia kumi ukilinganisha na Dar. Mashine iliyosetiwa Dar ikifika huku inakuwa na mafuta mengi kuliko hewa, inaweza kuchafua plagi na kujifia kwenye silensa ikipata moto, bila kuwa na ubovu wowote. Hiyo ni kero tu. Hatari ni kinyume chake, ukiiseti huku halafu ukapata kazi ya mabondeni huko Kilombero ukashuka nayo hivyohivyo, inakuwa na mafuta pungufu, na hapo ndipo zinapojamu. Ukibadilisha mwinuko angalia rangi ya plagi siku ya kwanza.

Joto lenyewe kuzidi

Nimesema kuhusu tangi linalotoa presha na povu. Petroli inachemka kwenye kabureta na mpira wake, mvuke unajaa mahali pa mafuta, mashine inazima. Inatokea zaidi mchana wa Oktoba na Novemba kabla ya mvua, jua kali, upepo umekata, na mashine inafanya kazi bila kupumzika. Lakini usilaumu jua peke yake, chenso nzima inavumilia jua letu. Toa kava la stata uangalie mapezi ya silinda. Kuna moja niliifungua, ya mzee mmoja wa Kongwa aliyekuwa anakata mikwaju, mapezi hayakuonekana kabisa, lilikuwa tofali moja la unga wa mbao, oili na vumbi jekundu limegandamana kuzunguka silinda yote, nikalitoa kwa kijiti kipande kwa kipande kikaacha alama za mapezi kama kalibu ya kufyatulia matofali. "Fundi, kumbe mule ndani kuna chuma?" akaniuliza. "Kipo mzee wangu, kilikuwa kinakosa hewa." Haikununuliwa hata skrubu moja. Safisha hayo mapezi kila wiki ya kazi, pamoja na zile nafasi kwenye kava la stata, na hakikisha mapanga ya flaiwili hayajavunjika maana ndiyo feni.

Kichujio cha hewa kila siku. Kigonge taratibu, kioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kikauke kabisa kama ni cha nailoni, na kama ni cha karatasi usikiloweshe. Kupuliza kwa kompresa kwa nguvu kutokea nje kunasukuma vumbi ndani zaidi.

Ekzosi nayo ifungue. Nyingi zina wavu mdogo wa kuzuia cheche, unajaa masizi hasa kwa wanaotumia oili ya pikipiki, moshi unakosa pa kutokea, mashine inachoka inavyozidi kupata moto mpaka inazima. Brashi ya waya inatosha. Usiutupe huo wavu, nyasi zetu za Agosti zinawaka kwa cheche moja.

Halafu cheni butu. Watu hawaamini lakini cheni butu inaua injini. Ikiwa kali inatoa vipande, ikiwa butu inatoa unga, na wewe unaikandamiza, resi juu, mwendo hakuna, joto linapanda kwenye injini na kwenye baa (bamba refu linaloshika cheni). Ukikata mgunga au mkwaju mkavu noa kila unapojaza tangi, pitisha tupa mara mbili tatu kila jino, iwe tupa ya saizi yake: cheni nyingi za inchi 0.325 zinazokuja na chenso za modeli ya 5200 na 5800 zinatumia tupa ya milimita 4.8. Hakikisha oili ya cheni inatoka, elekeza ncha ya baa kwenye gogo jeupe, vuta resi, uone mstari wa oili. Na ukimaliza kukata gogo gumu usizime ghafla, iache kwenye silensa nusu dakika mpaka dakika moja, feni itoe joto. Kuwasha ya moto ni bila choki, resi nusu.

Ukifika hapa na bado inazima

Imebaki kompresheni na kuvuja hewa, na hizi ndizo za gharama. Ikiwa bado ya moto, plagi ikiwa imefungwa na swichi imezimwa, shika mpini wa kamba uiachie mashine ininginie taratibu karibu na ardhi. Ikishuka kwa kusitasita, inakwama inashuka inakwama, kompresheni ipo. Ikiteremka moja kwa moja kama ndoo kisimani, haipo. Mwenye geji ya kompresheni asome: mashine nzima mara nyingi inaonyesha psi (kipimo cha presha) 120 mpaka 150 au zaidi, ikishuka chini ya 100 tegemea kugoma ikiwa ya moto. Toa ekzosi uchungulie pistoni kwa tochi, inatakiwa iwe laini inang'aa, ukiona mikwaruzo ya kwenda juu na chini imeshaanza kujamu. Usikimbilie kubadilisha pistoni na ringi kabla ya kujua nini kiliikwaruza, kwa sababu hicho kilichoua ya kwanza kipo palepale kinasubiri ya pili.

Mara nyingi kilichoiua ni hewa inayoingia pasipo na ruhusa, kwenye mpira unaounganisha kabureta na silinda au kwenye oili sili za krenki (mipira ya kuzuia uvujaji kwenye shafti ya injini). Dalili zake: silensa inapanda yenyewe ikipata moto na haishuki ukiachia, ukiilaza ubavu huu na ule mlio unabadilika, ukiirekebisha leo kesho imehama, plagi nyeupe. Mpira unauona kwa macho ukiukunja, sili zinataka fundi mwenye kifaa cha kupima kwa presha. Ukiona dalili hizi zima mashine, usimalizie hata gogo moja.

Ukimpelekea fundi usimwambie "inazima ikipata moto" ukanyamaza. Mwambie: ilizima baada ya muda gani, mfuniko haukunyonya, plagi ilikuwa kavu au imelowa, cheche ilikuwepo au haikuwepo nilivyotoa waya wa swichi. Fundi mzuri akisikia hivyo anakwenda moja kwa moja penye tatizo, na mwenye tamaa anajua amekutana na mtu anayejua mashine yake.

Baada ya matengenezo usiikubali kwa kuingurumisha karakanani. Nenda na gogo, au omba gogo pale pale, jaza tangi, ikate kwa mzigo mpaka tangi liishe, zima, vuta tena bila choki ikiwa ya moto. Kisha toa plagi uitazame rangi. Ikiwa kahawia na imewaka kwa mvuto mmoja au miwili, mlipe fundi wako.